Ya Kitaliani, si ya Mtaliani

Neno lilikuwa moja tu, Kitaliani, na mimi ndiye niliyeliandika. Naanza hapo kwa sababu watu wa huku wanaoikumbuka habari ya nyumba ile husema kosa lilikuwa la boma. Halikuwa la boma. Lilikuwa la karani wa baraza, na karani wa baraza nilikuwa mimi.

Nilikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Shule nilisoma miaka mitatu, katika shule ya misheni iliyoezekwa nyasi, mpaka mwalimu alipohamishwa na jengo likawa ghala la mahindi. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa vipande vya magazeti vilivyofungia sukari na kwa kamusi moja isiyo na jalada, iliyoanzia kwenye herufi B. Kwa hiyo maneno ya A nilichelewa kuyajua. Nilikuwa na tabia, ambayo mke wangu aliiita ugonjwa, ya kutoliacha neno lipite kabla sijajua linasimama wapi na linafanya kazi gani. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kinyiha. Kiswahili nilikiingia kama mtu anavyoingia nyumba ya wenyewe, nikiangalia mahali pa kukanyaga.

Neno Kitaliani lilifika Mbozi pamoja na Mtaliani. Alikuja miaka zaidi ya kumi kabla ya vita, akapanda kahawa, akajenga nyumba yake na jengo la kuoshea kahawa. Alijenga kwa matofali ya kuchoma na vigae vyekundu. Milango na madirisha hayakuwa na kichwa cha mraba kama ya misheni. Juu yalipinda, yakawa tao. Baraza mbele lilikuwa na matao matatu, na paa lilitokeza nje ya ukuta hatua nzima, likishikiliwa na vipande vya mbao vilivyochongwa. Kuta zilipigwa chokaa ya Songwe iliyochanganywa na udongo mwekundu, zikawa rangi ya pera lililoiva.

Watu wakaanza kusema dirisha la Kitaliani, na baraza la Kitaliani. Muda si mrefu neno likatoka kwenye nyumba likaingia kwenye mambo mengine. Kinyozi wa Mlowo aliyekuwa akikata nywele za kisogoni kwa mviringo alisema huo ni mkato wa Kitaliani, ingawa Mtaliani mwenyewe alikuwa na upara. Na ulikuwako ugali wa Kitaliani. Mzungu yule alikula ugali, jambo lililowashangaza wazee kuliko motokaa yake. Mpishi wake, mtu wa Ileje, aliusonga kwa unga wa mahindi yetu haya haya, akaumwaga juu ya ubao, akauacha ugande, kisha akaukata vipande kwa uzi. Wanawake wakaanza kuwafanyia watoto wao hivyo kwa mchezo. Ukimkuta mtu anakata ugali kwa uzi, hata kama hajawahi kumwona Mtaliani, huo ulikuwa ugali wa Kitaliani.

Mimi niliyasikia hayo nikafurahi, maana nilipata mfano wa jambo nililokuwa nikilitafuta. Ki- ile ya mbele hufanya kazi nyingi. Husema lugha: anasema Kitaliani. Husema kitu kilikotoka: taa ya Kijerumani. Na husema namna tu, bila mtu na bila nchi: amekaa kizungu, analia kitoto. Aliaye kitoto huenda ana mvi. Nilijiona nimelipata jambo kubwa, na huko kujiona ndiko kulikonifikisha nilikofika.

Basi katika mafundi waliomjengea Mtaliani alikuwamo mmoja, Mnamwanga wa Tunduma, aliyemwoa binti wa baba yangu mdogo. Mimi na yeye tuliitana shemeji. Alikaa kwa Mtaliani miaka sita. Alianza kwa kubeba matofali, akamaliza kwa kujenga matao peke yake, na Mtaliani anasimama chini akiwa amefunga mikono nyuma. Alipoacha kazi alirudi kwao, akachimba udongo, akafyatua matofali yake, akayachoma kwa kuni alizokata yeye na mkewe, akajenga nyumba kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Tunduma unapotoka Mbozi. Ilikuwa ndogo, vyumba viwili na baraza. Lakini baraza lilikuwa na matao matatu, na juu kulikuwa na vigae, na ukuta ulikuwa rangi ya pera. Wapita njia waliokwenda na waliotoka ng'ambo, upande wa Rhodesia, walisimama kuitazama. Misheni ikamwita ajenge milango ya kanisa. Mhindi mwenye duka akamwita. Wakawapo vijana wawili waliojifunza kazi kwake. Kazi yote aliyopata ilitokana na matao yale, kwa kuwa kila aliyeyaona alisema hayana kasoro.

Vita vilipofika, na Wataliani nao wakaingia upande wa adui, askari walikuja kumchukua yule wa Mbozi katikati ya mavuno ya kahawa. Walimchukua kwa adabu, akapelekwa kambini. Wiki chache baadaye boma lilituma karatasi kwa jumbe wetu: ziandikwe nyumba zote zilizo kando ya barabara kuu, kutoka Mlowo hadi mpakani. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu ya kujaza. Wa kwanza uliandikwa Nambari. Wa pili uliandikwa Nyumba ya. Wa tatu, Watu waliomo.

Nilitazama kwa muda mrefu maneno yale, Nyumba ya. Mtu mwingine angeandika jina la mwenyewe na kumaliza kazi. Mimi nilifikiri: majina ya wenyewe yamo katika kitabu cha kodi, boma linayo. Kwa nini liulize tena? Bila shaka linataka kujua nyumba ni ya namna gani. Nikapanda baiskeli yangu, nikazunguka siku nne katika baridi ya Julai, nikajaza kwa hati safi: nyumba ya udongo; nyumba ya fito na nyasi; nyumba ya matofali mabichi; nyumba ya bati. Nilipofika kwa shemeji yangu nilipungukiwa na neno. Matofali ya kuchoma yalikuwapo kwa Mhindi pia, vigae vilikuwapo misheni. Hii ilikuwa tofauti, na tofauti yake ilikuwa na neno lake. Nikaandika: nyumba ya Kitaliani. Nakumbuka niliirudia K kubwa kwa wino mara mbili ili ionekane vizuri.

Majibu yalikuja kwa tarishi wa boma, siku ya Jumatatu, wakati baraza limejaa watu wa kesi. Jumbe hakujua kusoma, na barua zote nilimsomea mimi, mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi yake, asije akaambiwa anaficha mambo. Nikasimama nikasoma. Barua ilisema kwamba nyumba nambari kumi na saba, karibu na Tunduma, imeonekana katika orodha kuwa ni mali ya Mtaliani. Mali za adui zinawekwa chini ya mwangalizi. Waliomo watoke, mlango ufungwe, na Bwana Shauri, yule ofisa Mwingereza wa boma, atakuja Alhamisi kuitazama na kutia muhuri.

Niliisoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile niliyoanzia. Kisha nikakaa. Jumbe aliniuliza ni Mtaliani gani huyo mwenye nyumba Tunduma. Nikamwambia hakuna. Akauliza, basi boma limemtoa wapi. Nikaikunja barua, naye kwa wema wake hakuuliza tena mbele ya watu. Watu walipoondoka nilimweleza. Alifikiri kidogo, akasema mlango asiufunge mtu kabla ya Alhamisi, hilo atalibeba yeye. Lakini habari nimpelekee shemeji yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nilipofika kwake alikuwa juu ya ngazi, akiziba ufa kwenye ukuta wa nyuma. Hakushuka mara moja. Nilimweleza nikiwa chini nikimtazama nyayo. Sikupunguza kitu, nilisema neno nililiandika mimi, na maana niliyokusudia, na maana iliyosomwa.

Alishuka, akaufuta mwiko kwa majani, akasema, "Ulitaka kunisifu, shemeji."

Nikasema ndiyo.

"Siku nyingine unitukane kidogo," akasema.

Dada yangu, mkewe, hakuwa na mzaha. Aliniuliza kama nimewahi kulala nje na watoto wanne mwezi wa Julai. Kisha akaingia ndani akaanza kutoa vitu. Nilimwambia jumbe ametupa mpaka Alhamisi. Akasema vitu vinavyotolewa na mwenyewe havivunjiki. Vinavyotolewa na askari huvunjika. Kitanda kikaja uani, na masanduku, na kinu, na mtungi wa maji. Mama wa fundi, mjane aliyekuwa na chumba cha pili, alitoka akakaa juu ya kinu chake na kusema kwamba kama ni kuhama, yeye anavuka mpaka kwa kaka yake; huko Waingereza ni wale wale, lakini karani ni mwingine. Aliyasema hayo huku akinitazama. Kwa mwanamke wa Kinamwanga kumchokoza Mnyiha ni utani wa kila siku, na kwa kawaida ningemjibu. Siku ile niliuchukua mtungi wa maji nikausogeza ukutani.

Jumanne na Jumatano nilijiandaa. Niliandika kwenye karatasi mambo niliyoyajua kuhusu ki-, kwa mpangilio, na mifano yake. Nilifikiri kesi hii ni ya maneno na nitaishinda kwa maneno. Shemeji yangu hakuandaa kitu. Alikwenda kazini kwa Mhindi, akarudi, akala uani, akalala ndani juu ya sakafu tupu. Mara moja tu nilimwona amesimama mbele ya tao la kushoto, ameweka kiganja juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na upepo na vumbi. Bwana Shauri alikuja kwa motokaa pamoja na tarishi. Alikuwa kijana, mwekundu shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno mahali pake. Watu walikwisha kusanyika, na miongoni mwao walikuwamo wale mafundi wawili waliofundishwa na shemeji yangu, wameegemea baiskeli zao ng'ambo ya barabara. Mzungu aliizunguka nyumba. Alitazama paa, akatazama mbao zilizochongwa, akahesabu matao kwa kidole. Kisha akamgeukia mtu wa karibu, na mtu huyo kwa bahati mbaya alikuwa yule mama, amekaa juu ya kinu chake.

"Mama, hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni kwa Mtaliani, bwana," akasema mama.

Watu walicheka, kwa sababu ndivyo majirani walivyomtania mwanawe tangu siku alipoweka kigae cha kwanza. Mzungu hakucheka. Alitoa kalamu akaandika. Mama alipoona kalamu inatembea, uso wake ukabadilika, akanitazama mimi tena, sasa bila uchokozi.

Nikajongea. Nilisema jina langu na kazi yangu, nikasema orodha niliijaza mimi na kosa ni langu. Nikatoa karatasi yangu. Nilieleza kwamba nyumba ya Mtaliani ni nyumba ambayo Mtaliani anaimiliki, na nyumba ya Kitaliani ni nyumba iliyofuata mtindo tu, hata kama Mtaliani hajaikanyaga. Nikampa mfano wa ugali: mahindi ya kwetu, moto wa kwetu, mkono wa mama wa Kinyiha, na bado watu husema ugali wa Kitaliani, kwa sababu ya uzi.

Alinisikiliza vizuri. Aliniuliza swali moja, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili: taa ya Kijerumani, je, ni taa iliyofuata mtindo wa Kijerumani, au ni taa waliyoitengeneza Wajerumani? Nikasema waliyoitengeneza. Akasema, basi nyumba ya Kitaliani yaweza kuwa nyumba aliyoijenga Mtaliani. Nikasema yaweza. Sikuweza kusema vinginevyo. Ilikuwamo katika karatasi yangu mwenyewe, namba mbili.

Akakunja daftari lake. Alieleza, bila ukali, kwamba maneno hayatoshi. Fundi huyu alikuwa mtu wa yule Mtaliani kwa miaka sita. Mtaliani alikuwa na matofali, vigae na chokaa. Jengo hili limefanana na lake kama mtoto na baba. Yeye ameona kazi za mafundi wa wilaya nzima, na hajaona mwenyeji aliyejenga tao la namna hii bila Mzungu kusimama karibu. Anaona kwamba Mtaliani aliijenga kwa kusudi lake, labda iwe ghala karibu na mpaka, akamweka fundi ailinde. Akamwambia tarishi alete muhuri.

Nilimtazama shemeji yangu. Wakati wote alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Sasa alimtazama mkewe, akawatazama wale mafundi wawili ng'ambo ya barabara, huku tarishi akifungua mfuko wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Bwana, Mtaliani asingelikubali tao lile."

Mzungu akauliza lipi.

"La kushoto. Angelibomoa."

Akaenda ndani, akarudi na nyundo na patasi. Dada yangu akamuuliza anafanya nini. Alipanda juu ya sanduku moja lililokuwa uani, akaweka patasi juu kabisa ya tao, mahali ambapo pande mbili hukutana, akaanza kuibandua chokaa. Ilianguka vipande vipande, nyekundu kwa nje, nyeupe kwa ndani. Alifanya polepole, kama daktari. Alipofikia matofali, alipuliza vumbi, akashuka, akasogea pembeni ili Mzungu aone.

Hapo akaeleza, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema mfululizo. Tao la Kitaliani linapandishwa kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na matofali yake huhesabiwa kabla ya kuanza, yawe witiri, yaani yasigawanyike mawili mawili, ili moja libaki kwa ajili ya katikati. Hilo la katikati huchongwa jembamba chini na nene juu, nalo ndilo linaloyafunga yote. Mtaliani aliwafundisha kuhesabu hivyo kila siku. Lakini hili lilikuwa tao lake la kwanza bila Mtaliani. Alihesabu vibaya. Alipofika juu, pande mbili zilikuwa karibu kukutana, na nafasi iliyobaki haikutosha tofali wala haikufaa kuachwa. Mvua ilikuwa inakuja. Akatafuta kitu cha kupigilia katikati, akapigilia, likashika. Akapaka chokaa, na hakumwambia mtu. Matao mawili yaliyofuata aliyahesabu sawasawa. Bwana akitaka, atayabandua nayo.

Tuliangalia. Katikati ya tao, mahali pa tofali la kufungia, palikuwa na kipande cha jiwe jeusi, kimekaa upande, kama jino lililoota vibaya.

Wale mafundi wawili walikwisha kuvuka barabara. Mmoja wao alikohoa. Nilijua kile kikohozi kina maana gani, na shemeji yangu alijua kuliko mimi. Miaka yote aliwapiga vijana hao kwa maneno kila walipokosea kuhesabu, na ndiyo maana misheni ilimwamini. Sasa kosa lake lilikuwa wazi mbele yao, amelifungua kwa mkono wake, na jua linalipiga.

Mzungu alipanda juu ya sanduku. Alitazama kwa muda, akaligusa lile jiwe. Aliposhuka niliona bado ana shaka. Hata Mtaliani, alisema, huweza kukosea siku moja.

Ndipo mama akainuka juu ya kinu. Alitembea mpaka chini ya tao, akaweka mkono juu ya macho, akatazama juu.

"Hilo jiwe langu," akasema.

Mwanawe akainamisha kichwa.

"Miaka minne nawasingizia watoto wa jirani," akasema mama, hasemi na Mzungu wala na sisi, anasema na mwanawe tu. "Nimegombana na mama yao, kwamba wamenivunjia jiwe la kusagia. Na wewe unakula ugali wangu unanitazama."

Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku. Akarudi amebeba nusu ya jiwe la kusagia, nusu aliyokuwa akizuilia mlango wa banda, imejaa kinyesi cha kuku. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akamwonyesha Bwana Shauri mahali lilipovunjika. Mzungu alilipokea, akapanda tena juu ya sanduku, akaliinua karibu na kile kipande. Weusi ulikuwa mmoja. Mstari mweupe uliopita katikati ya jiwe ulikwenda mpaka kwenye ukingo wa nusu hii, na juu kule ulianzia pale pale.

Mzungu alibaki juu ya sanduku na jiwe mkononi, nikaona mabega yake yanatikisika, nikafikiri amekasirika. Alikuwa anacheka. Aliposhuka alimrudishia mama jiwe lake kwa mikono miwili, na akamwambia kwamba adui wa Mfalme hangeweza kuiba jiwe la mama huyu na akaendelea kula kwake miaka minne. Hilo hufanywa na mwana tu.

Kisha akaniita. Aliniambia orodha yote niiandike upya, nyumba zote, na juu ya mstari wa pili niandike Mwenyewe, na nikitaka kueleza namna, niongeze mstari wa nne. Sikuadhibiwa. Nilisubiri kuadhibiwa mpaka motokaa ilipozunguka kona, na hata baadaye nilisubiri kidogo, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha kujiandaa. Lilipopita lile, nilitaka kukaa chini mahali popote. Nilikaa juu ya kitanda chao, pale uani, bila kuombwa.

Dada yangu ndiye aliyesema niiandike nambari kumi na saba sasa hivi, mbele yake, asiendelee kungoja. Nikatoa kalamu. Katika mstari wa Mwenyewe niliandika jina la mumewe, na la baba yake, na la babu yake, ili pasiwe na nafasi ya kumwingiza mtu. Katika mstari wa namna nikaandika: matofali ya kuchoma, vigae. Nikaishia hapo, nikamsomea.

Shemeji yangu, aliyekuwa akikusanya vipande vya chokaa, akauliza, "Na lile neno?"

Nikamwambia nimeliacha. Neno lile lilitaka kuwalaza watoto wake nje. Ni heri likae mbali na karatasi.

Akasema neno halikumkosea mtu. Yeye alikaa miaka sita kujifunza jambo lile, na jambo lile lina jina. Mama yake akauliza anataka jina la nini, na tao lenyewe limepotoka. Mmoja wa wale mafundi wawili, aliyekohoa, akajibu kabla ya mwalimu wake kujibu. Alisema, shikamoo mama, lakini tao lililozibwa kwa jiwe la kusagia nalo halijaanguka, na yeye angependa kufundishwa jinsi ya kukosea vile. Shemeji yangu alimtazama kijana huyo kwa muda. Sijui alikuwa ametazamia kusikia nini kutoka kwake. Uso wake ulilegea, akamrushia kipande cha chokaa.

Nikaandika. Nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae, kwa mtindo wa Kitaliani, mkono wa mwenyewe. Nilisoma mara mbili, polepole. Nikamuuliza kama imekaa sawa. Akasema imekaa. Nikamuuliza dada yangu. Yeye akasema kama nimemaliza kuandika niinuke juu ya kitanda chake, kwa sababu kinaingia ndani kwanza, na mwenye mikono miwili ashike upande wa kichwani.

Tulikibeba, mimi na yule fundi kijana, tukapita chini ya tao la kushoto. Tuliinama bila sababu. Lilikuwa juu yetu kiasi cha mkono mzima. Kisha tukarudi kuchukua masanduku. Mama hakumruhusu mtu aguse kinu. Alikizungusha mwenyewe kwa ukingo wake, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kizingiti, na huko ndani tukamsikia akimwambia mjukuu wake aondoke njiani, kwa maana hapa ni kwao na atakuwa na siku nyingi za kusimama mlangoni.